Siku Dunia Ilipotoka Darasani

Nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Guta, nje kidogo ya mji wa Bunda. Tuliitwa Musoma kwenye semina, tukarudi na vishikwambi vyenye programu ya sayari. Unaelekeza kamera mezani, na kwenye kioo unaliona Jua limekaa juu ya meza ileile, Dunia ikilizunguka. Kwa kidole unaweza kuvisogeza, kuvikuza, hata kuvifuta.

Siku ya kwanza kidato cha nne walinizonga wakisukumana. Nikawaeleza kama nilivyoeleza miaka yote: Jua linaivuta Dunia, ndiyo maana haiponyoki. Msichana mmoja wa Bugwema, ambaye maswali yake huwafanya wenzake wagune, akaomba kishikwambi.

"Madamu, nikilifuta Jua?"

"Lifute tuone."

Kanuni kwamba ingekwenda moja kwa moja nilikuwa nayo kichwani, lakini macho yangu yalishashuka sakafuni kuisubiri Dunia ianguke.

Haikuanguka. Ilinyoosha njia, ikapita juu ya madawati, ikapenya ukuta. Darasa zima likakimbilia dirishani na kishikwambi, tukaiona ikiyoyoma upande wa ziwa, ndogo kama punje ya mtama.

"Mbona haijaanguka chini?" akauliza yule msichana.

"Chini wapi?" nikamjibu, na jibu langu likanishtua mwenyewe.

Akafikiri. "Kwa hiyo Jua ndilo lilikuwa linaiangusha. Sasa kama inaangukaga siku zote, mbona haifikagi?"

Kengele ikalia.

Jumamosi nilikwenda Butiama kwa mama. Nilimkuta uani anamenya mihogo, nikamwekea Jua na Dunia juu ya beseni lake la maji. Alitazama kioo kwa muda, kisha akaacha kisu na kukinga kiganja chini ya Dunia.

"Mama, unafanya nini?"

"Naikinga. Itadondokea kwenye maji."

"Haidondoki, mama. Inaanguka kuelekea Jua."

"Inaanguka au haianguki?"

"Inaanguka, ila inalikosa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alinitazama kama anavyonitazamaga nikiwa na homa, akaniambia nikale kwanza. Lakini mkono hakuutoa. Nami, sijui kwa nini, nililisogeza beseni pembeni.

Jumatatu nikawaambia wanafunzi ukweli: hata mimi nimechanganyikiwa. Walicheka. Tukalipunguza Jua uzito kidogo kidogo, na kila mara njia ya Dunia ikazidi kutanuka. Kuna wakati nililiona jambo lenyewe: Dunia inakimbilia mbele, Jua linaipinda njia yake, na kule kupinda ndiko kuanguka. Yule msichana naye aliliona, maana alinishika mkono bila kujua.

Tukatoka nje kwenda mapumziko. Nilisimama uwanjani, ardhi imara chini ya viatu vyangu, nikajaribu kulirudia lile jambo kichwani, na sikuliona tena.