Damu Yangu Iliponirudishia Mkono

Mama anauza supu ya kwato kule mtaa wa Mbotela, kando ya ukuta wa nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, na bado hajakutana na ugonjwa ambao supu hiyo haiwezi kuukemea. Mafundi wa mjengo hupita kwake kabla ya kazi, walevi hupita kabla ya kuonana na wake zao, na aliyejifungua hupelekewa yake moto moto kwenye jagi. Kwa hiyo kifundo cha mkono wangu wa kulia kilipoanza kuvimba, nilipewa supu. Kikaendelea kuvimba. Nikaongezewa.

Mimi ni msusi. Nina kiti changu kwenye saluni moja mtaa wa Pipeline, chini kabisa ya ghorofa ambapo jua hutufikia likiwa limechujwa na nguo za watu zilizoanikwa. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini ndoto nilitoka nazo. Kichwani mwangu nina saluni yangu mwenyewe, ina vigae na vioo vya kutoka sakafuni hadi juu, na mapazia yake nimeshayabadilisha rangi mara nyingi kwa sababu sijaridhika.

Sasa, kusuka ni kuvuta. Unashika nywele kidogo, unakaza, unapinda, unavuta tena. Mkono ukikosa nguvu, rasta zinateleza kabla mteja hajafika kwake. Zangu zikaanza kuteleza. Asubuhi sikuweza hata kufunga vifungo vya blauzi. Hospitalini wakaniambia ni baridi yabisi: askari wa mwili wamesahau adui ni nani, wanapiga viungo vya mwenye nyumba. Nikapewa vidonge. Vidole vikasikia, magoti yakasikia, kifundo cha mkono kikakataa kuambiwa.

Wenzangu saluni wakanibatiza Shosho, yaani bibi kizee. "Shosho, nikushike mkono uvuke barabara?" Nilicheka nao, maana ndio hao hao walionikamulia taulo.

Mwenye saluni si mtu mbaya. Aliniita kando akaniambia, "Msichana wangu, mimi nakupenda, lakini Desemba haimpendi mtu. Watu wakianza kusuka za kwenda ushago kuona wazee wao kijijini, kwa hicho kiti nataka mkono unaofanya kazi." Desemba haikuwa mbali.

Daktari wa viungo, mama mmoja mpole, ndiye aliyeleta habari ya plazma. Angetoa damu yangu mwenyewe, izungushwe kwenye mashine mpaka ile nyekundu ikae chini, kisha achukue maji ya manjano ya juu yenye chembe zinazosaidia kidonda kupona, ayadunge ndani ya kifundo. "Wengine huwasaidia," akasema, "wengine hatuoni kitu. Bado tunajifunza. Na vidonge vya ugonjwa huachi." Mimi nilisikia "huwasaidia" tu. Mengine niliyasikia baadaye. Akaniambia niache dawa za maumivu kwa muda, na siku yenyewe ninywe vya kutosha, chakula kiwe chepesi.

Mama akatoa mgao wake wa chama, kile cha akina mama cha kuweka akiba, bila kuombwa mara mbili. Sharti lake lilikuwa moja: siku ya kwenda nitokee kwake. Nilipoamka, kikombe kilikuwa kinafuka mbele yangu.

"Mama, daktari amesema chakula kiwe chepesi."

"Kwani hii ni chakula? Hii ni ya kunywa. Si amesema unywe?"

"Alimaanisha maji."

"Na humu ndani nimetia nini, petroli? Kunywa, mwanangu. Watu wanaenda kukutoa damu. Huwezi kuteka kwa mtungi mtupu."

Nilikunywa vikombe viwili, vile ambavyo mafuta yake yanaelea juu kama macho yanakuangalia.

Kliniki, kijana wa maabara alinitoa damu, akaitia kwenye mashine, ikavuma kama kinu cha kusagia mahindi. Alipotoa kile kichupa akakiinua kwenye mwanga. Chini palikuwa pekundu. Juu, mahali pa ile manjano, palikuwa peupe kama uji wa mtoto. Mama akasogea kuangalia.

"Ni nzuri hiyo," akasema. "Imekuwa nzito."

Kijana akanigeukia. "Ulikula nini asubuhi?"

"Sikula. Nilikunywa."

"Ulikunywa nini?"

Mama akamjibu kwa niaba yangu, kwa fahari, mpaka na viungo alivyotia. Daktari akaitwa. Alikitazama kile kichupa, akauma midomo, akatueleza taratibu kwamba hayo ni mafuta ya supu yanaogelea kwenye damu, hawezi kuyadunga kwenye kiungo. Turudi siku nyingine.

Mlangoni Mama akasimama. "Supu yangu," akasema pale. "Watu wamefufuka kwa hiyo supu." Yule kijana wa maabara, aliyekuwa anatusindikiza, akapunguza sauti: "Kwani mama, huwa unafungua saa ngapi?"

Nilicheka hadi kwenye geti, halafu nikajikuta nalia, kwa sababu ya kile kiti. Mama akanifuta kwa ncha ya leso yake na hakuniambia ninyamaze.

Safari ya pili alinilinda kama mtihani wa taifa. Maji, kipande cha mkate mkavu, basi. Sufuria aliifunika na kuiwekea jiwe juu, sijui alidhani itanifuata. Na mashine iliposimama, kijana alikuja na kichupa akitabasamu. Plazma ilikuwa ya manjano, safi, kama mafuta mapya ya kupikia yakipigwa na jua. Kidole chake nilikiona upande wa pili. Nilishikwa na huruma fulani ya ajabu. Mwili huu ulikuwa umenipiga miezi yote hiyo, kumbe ulikuwa umebeba na hii.

Sindano iliuma, sidanganyi. Mama aligeukia ukuta akawa anaomba kwa Kikamba, chini chini, haraka haraka, kama mtu anayepatana bei na Mungu. Siku zilizofuata kifundo kilivimba zaidi. Daktari alikuwa ametuonya, lakini kuonywa ni kitu kimoja na kuangalia mkono wako ni kingine. Mama hakutaja supu hata mara moja, na najua ilimgharimu.

Halafu, wiki zikiwa zimeenda, Jumamosi moja nilikuwa nafua juu ya ghorofa. Nikakamua jinzi, nikaikamua tena, maji yakaisha yote, ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mgonjwa. Nilisimama pale nimeishika kama samaki niliyemvua mwenyewe. Daktari alipokibonyeza kifundo na kukizungusha, akasema uvimbe umeshuka, nianze kazi polepole, vidonge viendelee. Kidole kimoja bado hukakamaa asubuhi. Na kikakamae tu.

Mwenye saluni hakuniuliza ya hospitali. Alifungua kilemba, akaketi kwenye kiti changu.

"Nisuke."

Nywele zake ni fupi, ngumu, zinakimbia vidole. Wasichana wakapunguza redio. Nikagawa, nikashika, nikavuta, moja baada ya nyingine. Nilipofika nyuma karibu na shingo, akashtuka.

"Wewe. Unanivuta."

Nikaacha. "Nilegeze?"

"Nimesema ulegeze? Nimesema unanivuta. Endelea."

Nikaendelea, machozi yananitoka na meno yote nje, yeye haoni kwa sababu ameinamisha kichwa. Nilipochovya ncha kwenye maji moto zisifumuke na kuzifuta, alijitazama kwenye kioo, akaishika rasta moja pale kwenye mzizi akaivuta kwa nguvu. Haikwenda popote.

Mlangoni kulikuwa na mteja ameshika simu yenye picha, anauliza nani ako huru. Mwenye saluni akainuka, akapangusa kiti kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Kaa hapa. Huyu ndiye wa Desemba."

Nikamfunga mteja taulo shingoni nikamuuliza anataka za ukubwa gani.

"Ndogo," akasema. "Ndogo kabisa."

Nikamwambia sawa, akae vizuri, tuanze.