Kamba Niliyoiruka Gatini

Utotoni mwangu, kwetu Kilifi, mwanamke hakuruhusiwa kuruka kamba ya chombo. Bibi, mama yake baba, alinionya hata kabla sijaanza shule: "Mwanaisha, kamba hiyo izunguke. Mwanamke akiiruka, chombo huingia nuksi." Wanaume waliruka wapendavyo. Nuksi hiyo, sijui kwa nini, ilimjua mwanamke tu.

Nilipokuwa darasa la saba, shule moja ya kuendesha yoti pale kwenye hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ilichukua watoto wa mtaani kwetu wakati wa likizo. Niliipenda kazi ile mpaka nikawa naiota. Nilijifunza kutweka tanga, kushika usukani, kuupanda upepo kwa kwenda upande huu na ule. Mwalimu wetu, kijana wa Mombasa mwenye vyeti vyake, alisema mbele ya wote kwamba siku ya mtihani usukani ni wangu. Atakayefaulu angeendelea na kozi ya pili.

Siku yenyewe tulikuwa mimi na wavulana watatu, tunatayarisha yoti gatini. Kamba zimetapakaa kila mahali. Nikaruka moja bila kufikiri. Faraji, mtoto wa ami yangu, akaniona.

"Karuka kamba! Wallahi mimi sipandi naye!"

Wenzake wawili wakasimama nyuma yake. Mwalimu akacheka, akasema hayo ni mambo ya wazee. Kisha akawatazama wale wavulana, akatazama saa, akaniambia kwa upole, "Mwanaisha, wewe subiri hapa. Wataenda watatu."

Nikabaki gatini, jaketi la kuokolea kifuani. Faraji akashika usukani. Kabla hawajafika kwenye boya akageuza vibaya, tanga likahamia upande wa pili kwa kishindo, yoti ikalala ubavu, wote majini. Walipovutwa nje wakitapika maji ya chumvi, Faraji alininyooshea kidole. "Si niliwaambia? Ni yeye!"

Mimi, niliyekuwa nchi kavu! Jioni Bibi naye akatikisa kichwa: "Nilikuonya, mjukuu wangu." Wavulana walirudia mtihani wiki iliyofuata. Mimi sikuitwa.

Nilirudi kwenye yoti nikiwa mtu mzima mwenye kazi yangu, nikaanza upya kozi ya kwanza. Nikaenda hatua kwa hatua, nikaendesha yoti hadi Malindi na kurudi, mpaka nikapata cheti cha unahodha. Mwaka jana nikakutana na yule mwalimu, sasa ana mvi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, nahodha! Mimi nilijua tangu siku ile kwamba huna nuksi yoyote. Faraji hakujua kugeuza tanga, basi."

Alidhani ananisifu. Bibi nilimsamehe zamani, kwa kuwa aliogopa kweli na aliamini alichoniambia. Faraji vilevile, alikuwa mtoto. Lakini mwalimu hakuamini hata chembe, na bado aliniacha gatini, kwa sababu kuniondoa mimi kulikuwa rahisi kuliko kuwakemea wavulana watatu. Huyo sijamsamehe, na nilimwambia hivyo usoni.