Mashine ni ya Mama, Jibu ni la Jaduong'

Kwenye kaunta ya duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Oyugis, mama mmoja aliulizia mashine ya bei nafuu ya kuchomelea vyuma, ya kujifurahisha nayo nyumbani wikendi. Muuzaji akamjibu mwanamume aliyesimama nyuma ya mama huyo.

"Jaduong', mzee wangu, mchukulie hii. Imeandikwa ampea mia tatu."

"Umeme wa kulisha mia tatu utatoka wapi, ziwani?" mama akauliza. "Mimi nina soketi ya nyumbani tu. Nipe ile ndogo, uiwashe hapa, nione kama inayeyusha rodi."

Muuzaji akamtazama mwanamume tena, kama anayeomba ruhusa.

"Mimi nimefuata misumari," yule akasema. "Huyu mama hata simjui."

Mashine ikawashwa. Mama akavaa kofia ya kukinga macho, akaunga vipande viwili vya chuma, akavigonga sakafuni. Havikuachana. Akalipa.

"Waranti niandike jina la nani?" Muuzaji akauliza, macho bado kwa jaduong'.

Mama akamnyang'anya kalamu, akajiandikia.

Dada unayetaka mashine kama hiyo, pima kwanza soketi yako, halafu nenda dukani na mwanamume yeyote. Muuzaji atakuwa anamtazama yeye, nawe utaikagua mashine kwa amani.