Jina la Mzee wa Chumba cha Kumi na Mbili

Véronique alikuwa amemtunza mzee Tom Hale miaka miwili, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Euless, kabla mzee hajamwambia kwamba jina hilo si lake.

"Mimi ni Cathal Devenny," alisema asubuhi moja, akinyolewa ndevu. "Nilikuwa jasusi."

Akamsimulia. Akiwa kijana huko Ayalandi alikula kiapo katika kundi la siri lililopigana kuwatoa Waingereza. Siku moja bomu la wenzake likamuua msichana muuza mikate. Toka hapo akawa anakaa nao vikaoni, anaimba nyimbo zao, kisha anapeleka maneno yao kwa polisi. Miaka sita. Wanaume watatu walifungwa; mmoja, Eamon, rafiki yake tangu utotoni, alifia gerezani. Alipoanza kushukiwa, polisi walimtorosha kwa jina jipya. Akaishia ng'ambo, Grand Prairie, mji jirani na Euless, akitengeneza viyoyozi vya watu mpaka uzee ukamkuta.

Véronique aliweka wembe chini. Kule kwao Uvira, kaka yake Lévi alichukuliwa na wanajeshi baada ya jirani, mtu aliyekula nao sahani moja, kuwaonyesha alikojificha.

"Unataka nikuhurumie?" aliuliza.

"Huruma sitaki. Yule msichana alikufa, nikachagua. Leo ningechagua vilevile. Lakini dada yake Eamon yu hai, na hajajua ni nani aliyemtaja ndugu yake. Sitakufa nimejificha."

Alitaka aandikiwe barua ya kumwambia dada huyo, maana mikono yake ilitetemeka. Véronique alitoka nje, akasimama kwenye maegesho huku moyo unamwaka. Mama yake alikufa bila mtu yeyote kumwandikia barua ya namna hiyo. Akarudi na kalamu.

Binti wa mzee, Maureen, akapata habari. "Baba amechanganyikiwa," alisema. "Hiyo barua ichane."

"Hajachanganyikiwa. Na nimeshaipeleka posta."

Maureen alimshtaki kwa wasimamizi, na wiki ileile Véronique alifukuzwa kazi. Nyumbani, mumewe Siméon hakuficha uchungu wake. "Mama Shalom, unapoteza kazi juu ya msaliti?"

"Juu ya yule dada," alijibu, na kesho yake akaenda kuomba kazi kwenye ghala.

Jibu lilifika baada ya miezi miwili, kwa anwani ya Véronique mwenyewe, mjini Lewisville. Jumapili, akiwa bado na kitenge cha kanisani, aliendesha gari mpaka Euless. Kwenye daftari la wageni, mahali pa jina la anayetembelewa, aliandika: Cathal Devenny.

"Hatuna mtu wa jina hilo," alisema msichana wa mapokezi.

"Mnaye. Chumba cha kumi na mbili." Akapita bila kungoja ruhusa.

Mzee alikuwa amekonda. Véronique alivuta kiti, akamsomea. Dada yake Eamon aliandika kwamba hamsamehi wala hatamsamehe. Aliandika pia kwamba miaka yote hiyo alimshuku mume wake, akamfukuza nyumbani, naye hakuwa na kosa lolote. Sasa amekwenda kumwomba radhi kaburini.

Mzee alifumba macho. Hakuwa na habari za huyo mume.

"Soma tena," alisema.

Véronique akasoma tena, polepole, asiruke neno hata moja.