Mdogo Aliyemtangulia Dada Yake Kuzeeka

Restituta Sumalinog alitimiza miaka sitini mwezi wa Februari, na Jumatatu iliyofuata akajitia poda, akavaa gauni la kanisani, akaenda ofisi ya mji wa Carcar kuchukua kadi ya wazee, ya kupunguziwa bei madukani. Watu walimwita Titang. Alikuwa mfupi, mwenye mikono minene na nywele nyeusi ti ambazo hazijawahi kuonja rangi ya dukani. Kwa miaka arobaini alikuwa akisuka vifuko vya makuti machanga, akivijaza mchele, akivichemsha na kuviuza sokoni kwa walaji wa nguruwe wa kuoka.

Ndugu yake Pilo, aliyekuwa amekuja kumtembelea, alimsindikiza. Mvua ilitishia kunyesha na mwavuli ulikuwa wake.

Karani alipowaona mlangoni aliinuka upesi. "Mzee wangu, usisimame kwenye foleni, njoo ukae hapa mbele. Binti yako atakujazia fomu."

"Kadi ni yangu," Titang akasema.

"Yako? Dada, utani peleka sokoni."

"Ndiko ninakotoka. Soma cheti."

Karani alikisoma cheti cha kuzaliwa, akamtazama Titang, akakisoma tena. "Na huyu mzee?"

"Mdogo wangu. Nimemzidi miaka mitano."

Mama mmoja kwenye foleni hakuweza kujizuia. "Nang," akamwita kwa heshima ya dada mkubwa, "unaoga maji gani? Tuuzie na sisi!"

Ofisi nzima iliangua kicheko. Pilo naye alicheka, ufizi ukaonekana pale yalipokuwa meno. "Yeye alikula mbivu, mimi nikala mbichi," akasema, na watu wakacheka zaidi. Titang alicheka nao. Lakini walipokuwa wakishuka ngazi, Pilo aliushika ukuta, akaketi chini, akasema dunia inamzunguka.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nesi Jovelyn, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, alimpima presha, hakuridhika, akampima tena.

"Unakunywa pombe, baba?"

"Tone sijaonja. Nilimwona mlevi nikiwa na miaka mitatu, nikatosheka."

Nesi aliiweka kalamu mezani. "Ulilelewa na nani?"

Titang aliona ni swali la ajabu kumwuliza mtu mwenye kizunguzungu. Akajibu yeye.

Mama yao alikufa Titang akiwa na miaka saba na Pilo miwili. Baba alipanda meli kwenda kisiwa cha Mindanao kutafuta kazi, na hadi leo anatafuta. Titang alichukuliwa na jirani, Nang Marcosa, msusi wa vifuko asiye na mume wala mtoto. Pilo alichukuliwa na baba yao mdogo, Tiburcio, mchoma mkaa wa kule milimani.

Nang Marcosa hakuwa mama wa kudekeza. Saa kumi na moja alfajiri mtoto yuko macho, anapanga makuti. Lakini siku Titang alipovunja chungu cha pekee kilichokuwamo nyumbani, akajibanza nyuma ya mlango akingoja kipigo, alichosikia ni: "Umejikata? Lete mguu niuone." Na kila jioni, vidole vikiendelea kusuka, Nang Marcosa alimwuliza, "Leo kimekuudhi nini?" Hata kama hakikumwudhi kitu, aliulizwa.

Kwa Tiburcio haikuwa hivyo. Pilo alijifunza kujua kwa mlio wa hatua tu kama baba yake mdogo amelewa kidogo au amelewa sana, na kama ni wakati wa kukimbilia kwenye migomba. Aliamshwa kwa kata ya maji usoni. Alilala sikio moja likiwa wazi, na hata alipokuwa mtu mzima, mlinzi wa maghala, paka akipita juu ya bati aliruka kitandani. Alipofika miaka thelathini kichwa kilikuwa kimejaa mvi. Mke alikuja, akakaa miaka minne, akasema hawezi kuishi na mtu anayeshtuka akiguswa.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho. "Siwezi kuapa kwa mtu mmoja," akasema, "maradhi yana njia nyingi. Ila wanaochunguza mambo haya wanaliona hili mara kwa mara. Mtoto aliyekulia kwenye hofu, mwili wake hukimbia hata akiwa amekaa. Basi huchakaa mapema. Umri wa mwili unaupita umri wa cheti."

"Na aliyelelewa kwa upole?" Titang akauliza.

"Mara nyingi huchelewa kuchakaa."

"Basi mimi ndiyo nimekwisha," Pilo akasema.

"Nani kakwambia? Kidonge kimoja kila asubuhi, chumvi punguza, na usikae peke yako. La tatu hilo ni dawa kama ya kwanza."

Walirudi nyumbani kwa Titang. Nang Marcosa, mwenye miaka tisini na mmoja, alikuwa kwenye benchi lake karibu na dirisha, macho yamefifia lakini vidole bado vinasuka. Titang alimsimulia yote, ya karani na ya nesi, na mwisho akataka kusema asante. Machozi yakamdondoka juu ya makuti.

"Uso huu ni wako, Nang," akasema hatimaye. "Wewe ndiye uliyenipa."

"Uso nilikukuta nao," bibi akamjibu. "Acha kunililia juu ya makuti, yataloana." Kisha akamgeukia Pilo. "Wewe nilikufuata mara tatu."

Pilo aliinua kichwa. "Kunifuata wapi?"

"Kwa Tiburcio, nikuombe nikulee na dada yako. Akasema mikono yako ina kazi kwake. Mara ya tatu akanifungulia mbwa." Alipandisha sketi hadi chini ya goti, akamwonyesha kovu refu, jeupe, kwenye muundi.

Titang alikuwa ameliona kovu hilo maisha yake yote. Aliambiwa ni la panga.

"Ulikuja," Pilo akasema polepole. "Miaka yote hii nilidhani hakuna aliyeniulizia." Akafunika uso kwa viganja akalia, na hakuna aliyemwambia mwanamume halii.

Nang Marcosa alimwacha mpaka akatulia. "Sasa Tiburcio amekufa, na mbwa wake amekufa," akasema. "Kalete nguo zako."

Alizileta Jumamosi, mfuko mmoja. Wiki za kwanza alitembea mle ndani kama mgeni, akiomba ruhusa hata ya kunywa maji. Jioni bibi alimwuliza kilichomwudhi, naye akajibu "hakuna," kila siku hakuna, mpaka jioni moja akasema kwamba samaki alikuwa na chumvi nyingi. Titang alifurahi kukosolewa kuliko alivyowahi kufurahia kusifiwa. Kufikia Juni presha ilikuwa imeshuka. Mvi zilibaki, meno hayakuota, na karani wa mji angemwita mzee hata leo. Lakini alianza kupiga mluzi akichanja kuni, jambo ambalo dada yake hakuwahi kulisikia kwake.

Mwezi wa Agosti, bila kutumwa, Pilo alikata mianzi akamtengenezea Nang Marcosa ukingo wa kushikilia akitembea, kutoka kitandani hadi chooni. Bibi aliupapasa wote, mwanzo hadi mwisho, akasema umepinda. Pilo akamjibu kuwa aliyepinda ni bibi mwenyewe. Titang alikuwa jikoni akijaza mchele. Alisikia bibi akicheka, kisha akasikia mianzi ikilia kwa uzito wa mtu anayeiegemea, akienda zake chooni peke yake.