Makofi Upande wa Kibla

Mama mwenye nyumba wetu wa Glenwood, hapa Durban, ni mtu wa Tanga, na kwenye swala hana mchezo. Kwa hiyo aliponiita jikoni asubuhi moja na kuniuliza kwa sauti ya chini kama naona anaanza kuchanganyikiwa, nilijua jambo ni zito.

"Kila alfajiri, nikifika rakaa ya pili, nasikia makofi," akasema. "Pa, pa. Mbele yangu."

Kwetu sisi, mwanamke anayesali nyuma ya imamu akiona imamu amekosea, hasemi neno. Hupiga kofi kumzindua. Mama alikuwa akisali peke yake chumbani, lakini kofi ni kofi. Wiki nzima alikuwa akijihesabu kuwa amekosea na kuongeza sijida ya kusahau, mpaka magoti yakaanza kumuuma. Alishaanza kushuku kuwa ni malaika. Nilitaka kucheka, nikakumbuka kuwa chai ya nyumba hii anapika yeye.

Malaika mwenyewe hakuwa mbali. Chumba kilichopakana na cha mama, upande wa kaskazini, alikuwa amehamia binti wa Kijapani, mwanafunzi, aliyesomea Kiswahili Dar es Salaam. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi ambao chetu kimeingiwa na Kifaransa cha Wakongo na Kizulu cha soko la Warwick tulijikuta tunakaa wima tukizungumza naye.

Mama akabisha, tukaingia. Juu ukutani kulikuwa na rafu, na kwenye rafu kijumba cha mbao chenye mlango mdogo, na mbele yake vijisahani vya mchele, chumvi na maji. Mkongo wa chumba cha nyuma, ambaye ni kinyozi, alichungulia juu ya bega langu.

"Eish, maman, hii iko kazi ya féticheur, ya mganga," akasema, akarudi kwake na kujifungia kwa ufunguo.

Binti hakuficha kitu. Alieleza kwa adabu kwamba hapo ndipo anapokaa mungu wa mtaa wao. Kila asubuhi humbadilishia maji, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena. Kwao kila mtaa una hekalu lake, na yeye alizoea kuyapitia na bibi yake kama watu wanavyopita kuwajulia hali majirani. Yuko mungu wa mpunga, ambaye matarishi wake ni mbweha. Yuko wa mitihani, ambaye zamani alikuwa ofisa wa serikali, akasingiziwa, akahamishiwa mbali, akafa na uchungu wake. Radi zikaupiga mji mkuu mpaka wakubwa wakaona heri wamjengee hekalu atulie.

"Huyo namwelewa," mama akasema. "Marehemu mume wangu naye walimhamisha hivyo hivyo. Ila yeye alinuna tu."

Nikadhani yamekwisha. Kumbe mama alikuwa bado anapima kuta kwa macho. Kibla chetu hapa Durban kiko kaskazini, na rafu ilikuwa kwenye ukuta wa kaskazini wa chumba cha binti, uso wake umeelekea kusini. Maana yake wiki nzima mama alipokuwa akisujudu, kijumba kilikuwa ng'ambo ya ukuta kimemtazama usoni.

"Mwisho Ijumaa," akasema. "Ama kijumba kitoke, ama mtoke wote wawili."

Nilimwonea huruma binti yule. Chuo kikifunguliwa, vyumba vya Glenwood ni vya kugombania, na Durban nzima hakuwa na mtu. Alhamisi nilimkuta ameketi kando ya begi lililofungwa nusu, rafu haijaguswa. Alisema kukitupa kijumba hawezi. Kwao anayehamia mahali huanza kwa kwenda kwa mungu wa hapo kujitambulisha, na yeye hapa hakumjua wa kumwendea. Alikuwa na huyu mmoja tu aliyekuja naye.

Nikaenda kumwita mama. Alikuja na kapu la nguo mbichi, shingo upande.

"Kwani ni lazima anitazame mimi?"

"Si wewe, mama. Huwekwa atazame kusini, kwenye mwanga wa jua."

"Kusini?" Mama alitua kapu. "Mwanangu, hiyo ni huko kwenu. Hapa jua linapita kaskazini. Kusini ni kwenye ukungu, hata nguo hazikauki. Umemweka mzee wa watu kivulini tangu uje!"

Binti alijiziba mdomo. Alipanda kiti, akaanza kukiomba kijumba radhi kwa Kijapani, akiinama na kuinama mpaka kiti kikayumba, na aliyekishika alikuwa mama. Tukaihamishia rafu kwenye ukuta wa pili, ule wa kupakana na mama, ikaelekea kaskazini.

Mama akafikiri. "Sasa amenipa mgongo. Na sote tunatazama upande mmoja. Haya, akae. Ila makofi yangoje mpaka nitoe salamu."

Binti akashusha pumzi, akaanza kutoa nguo zake begini. Kisha akageuka. "Mama, wewe ni mwenyeji. Nani mwenye mahali hapa, niende nikajitambulishe kwake?"

Utani wangu ulikuwa tayari mdomoni, kwamba mwenye Glenwood yote ni huyu huyu aliyesimama mbele yake. Lakini mama alikaa kitandani.

"Mwenyeji gani?" akasema. "Nilishuka mji huu na sanduku moja, nikatafuta mtu wa kumpigia hodi, nisimpate. Nimezeekea hapa. Hakuna aliyewahi kuniambia karibu."

Binti alipiga magoti sakafuni, akamshika mikono yote miwili.

"Karibu, mama," akasema. "Karibu Durban."

Mama alilia bila kujificha. Nami, ambaye nina miaka yangu katika mji huu na siku zote nasema nimeshauzoea, nikajikuta nimesimama mlangoni, nangoja na mimi niambiwe.