Kipoyi Hakiachwi Njiani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tulipokusanyika Gare du Midi, kile kituo cha treni cha hapa mjini, sisi wa kwaya ya mtaa wa Schaerbeek, tukapanda basi kwenda kukwea mlima huko Ufaransa. Usishangae. Ubelgiji haina mlima wa kumtisha mtu wa Kivu kama sisi. Majirani na watu wa kazini walikuwa wameahidi kuchangia tukifika kileleni, na mchango huo ulikuwa wa kujenga nyumba ya uzazi kijijini kwao Maman Vumilia, mwenzetu wa kwaya. Kule mama mwenye uchungu hubebwa kwa kipoyi, kile kiti cha miti kinachokaa mabegani mwa wanaume, ateremshwe milima hadi hospitali. Dada yake, Zawadi, alibebwa hivyo. Hakufika.

Ndiyo maana Maman Vumilia, na magoti yake mabovu, aliapa kwamba kileleni atafika yeye mwenyewe.

Mimi nilikuwa kijana wa miguu myepesi. Hata leo, ndevu zimeanza mvi, sioni kilima bila kutamani kujua kilicho nyuma yake. Waliniweka mbele niongoze njia, nami nikaongoza kama mtu anayefukuzwa. Tulipofika katikati, Maman Vumilia aliketi juu ya jiwe, mkono gotini.

"Mwende, batoto. Miye nitabangojea hapa."

"Bon, maman," nikasema upesi, "tutakuletea picha ya kule juu."

Papa Déo, mzee wetu wa sauti ya besi, ambaye ujanani alibeba kipoyi miaka mingi, alichomeka fimbo yake ardhini.

"Picha? Dada yake, ile siku, alikuwa anaomba picha?"

Akanigeukia mimi.

"Wewe wa miguu ya mbuzi, rudia nyuma. Maman, simama, pita mbele. Kwetu habaachake kipoyi mu njia. Ule banabeba ndiye anaonesha mwendo."

"Papa," nikasema, "na basi linalotungoja? Tutachelewa."

"Chauffeur amekula, atangoja. Alors, imba!"

Basi tukaenda kwa mwendo wa Maman Vumilia. Wawili walimshika makwapa, na aliyechoka aliita "Bega!" mwingine akaingia mahali pake, kama wanavyopokezana wabebaji wa kwetu. Zamu yangu ilipofika, nilisikia uzito wake, nikasikia pia moyo wake ukipiga ubavuni mwangu. Wazee husema aliye juu mngoje chini. Siku ile nilijifunza kwamba na aliye chini hungojewa.

Kileleni tulikuta ukungu mtupu. Hata mti hauonekani. Maman Vumilia aligeuka huku na huku, akihema.

"Donc, hii yote ilikuwa juu ya ukungu?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha yeye akavua kitambaa chake cha kichwa, akaita kwa nguvu kuelekea kule kweupe: "Zawadi! Dada, tumefika!" Kicheko kikatuishia midomoni. Papa Déo alivua kofia.

Nyumba ile ya uzazi ilijengwa. Papa Déo ameshazikwa, na mimi nimetangatanga miji mingi kabla ya kurudi hapa. Sehemu nzuri nilizoziona nikiwa peke yangu nimezisahau nyingi. Ukungu ule sijausahau.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuona unavyokimbia, asubuhi metro, jioni masomo. Kimbia, dunia inataka mbio. Lakini mkitoka wengi kwa ajili ya mtu mmoja, msimwache kwenye jiwe ili mfike kwa niaba yake. Mweke mbele. Mwendo wake uwe mwendo wenu, na ukisikia mtu anaita "Bega!", usiangalie nani mwingine yuko karibu. Milima haikutani, binadamu ndio hukutana.

Mungu akupe miguu myepesi, na akupe bega lisilo jepesi. Na siku magoti yako yatakapokataa, uwakute watu wamesimama wakikungojea, tena wakiimba.